Siku Mheshimiwa Alipompanda Tunu

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ndiyo maana hatuitaji kwa jina lake la kweli. Tuiite Mwinuko. Ni nchi nzuri, ina mbuga na milima na wanyama wa kila namna, na viongozi wake ni watu wa kupanda tu. Wanapanda vyeo, wanapanda majukwaa, wanapanda ndege. Kushuka hawashuki, au tuseme, hakuna mwananchi aliyewahi kuwaona wakishuka, kwa sababu kuwaona ni kosa la jinai.

Sheria hiyo inaitwa Amri ya Mgongo, na mtunzi wake ni Mheshimiwa Dakta Lumbanga, Waziri wa Wanyamapori, Wageni na Furaha ya Umma. Zamani, kabla ya uwaziri, alialikwa kufungua choo cha shule. Alipanda jukwaani vizuri, akahutubia vizuri, lakini wakati wa kushuka mguu ukakanyaga hewa. Akaporomoka mpaka chini, na miwani yake ikaruka ikatumbukia katika kile kile choo alichokuwa amekifungua. Watoto wakacheka. Walimu wakajikaza, wakashindwa, wakacheka nao.

Mheshimiwa hakusahau. Alipopata tu wizara, akapeleka muswada bungeni: kiongozi akitaka kushuka kutoka mahali popote, iwe garini, jukwaani au kwenye kiti kirefu, tarumbeta itapigwa, askari atapaza sauti "Mgongo!", na kila raia atageuka aangalie kwingine, mpaka kiongozi mwenyewe kwa kinywa chake atamke "Nimetua!" Atakayegeuka kabla ya neno hilo, jela. Wabunge waliupitisha kwa vigelegele, wakateremka ngazi za bunge huku kila mmoja akimpa mwenzake mgongo.

*

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani na mumewe Mshangama. Hawakujaliwa mtoto, walijaliwa tembo. Mwaka mmoja wa kiangazi, ndama ambaye mama yake aliuawa na majangili alitumbukia katika shimo la udongo wa matofali nyuma ya nyumba yao. Wakamtoa kwa kamba, wakamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama, wakamwita Tunu. Alilala nje ya jiko, akajikuna ukutani mpaka jiko likahama upande. Majirani wakaanza kuwaita Mama Tunu na Baba Tunu, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki.

Mshangama alikuwa na mbinja yake, mluzi wa vidole kinywani, mrefu na wa kuvutwa, akiipiga jioni Tunu anatoka hata vichakani. Sikudhani hakuhitaji mbinja. Yeye alikuwa akiondoka tu, na Tunu anafuata nyuma, ncha ya mkonga imeshika upindo wa kanga yake.

Basi akaja mgeni kutoka ng'ambo, mgeni mzito, wa kupokewa na waziri kiwanjani. Akatembezwa mbugani. Akaonyeshwa simba, akaonyeshwa twiga, akapiga miayo. Kisha akatoa picha mfukoni: watu wa nchi fulani ya mbali wamekaa juu ya tembo, wanacheka.

"Hapa kwenu," akauliza, "tembo anapandiwa wapi?"

Sasa, Mwinuko mgeni haambiwi "hakuna". Hata akiulizia theluji, anaambiwa imeshaagizwa, iko bandarini. Dakta Lumbanga akatabasamu, akasema, "Mpango upo, mheshimiwa mgeni. Tena umefikia hatua nzuri sana. Ukirudi msimu ujao utapanda mwenyewe."

Mgeni akafurahi. Wataalamu wote wa wizara nao wakafurahi, kisha wakaulizana pembeni ni nani nchini ana tembo.

Mshangama akaitwa wizarani. Alivaa kanzu yake ya Idi, akakaa mbele ya watu wengi wenye tai.

"Mzee," akasema Waziri, "taifa limemchagua tembo wako."

"Ahsante, mheshimiwa. Limemchagua kwa kazi gani?"

"Kupandwa."

Mshangama akafikiri kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. "Mheshimiwa, Tunu hapandwi. Mimi niliyemlea sijapata kumpanda. Mtoto wako unamlea, humgeuzi kiti. Hatakubali."

"Nani amemuuliza?"

"Hakuna haja ya kumuuliza, mheshimiwa. Namjua."

Wenye tai wakatazamana. Mmoja wao, mwanasheria, akafungua kitabu akakuta kosa lenyewe limo: kumsemea mnyama wa taifa bila kibali. Mshangama akatolewa kwa mlango wa nyuma na kanzu yake ya Idi. Jioni hiyo lori likaja kumpeleka Tunu kambi ya wizara, na Baraza la Mawaziri likakaa likampa jina jipya la Mafanikio, ambalo hakuliitika hata siku moja.

*

Sikudhani akaenda wizarani kumuulizia mumewe. Akaketishwa kwenye benchi la ukumbini, chini ya picha kubwa ya Waziri akipanda mlima. Waziri alipopita, mama akasimama.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni mke wa Mshangama. Naomba tu nijue yuko wapi."

Dakta Lumbanga hakusimama. Alimpungia mkono, akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kula, "Subiri hapo hapo ulipo, mama. Mtu atakuja."

Akasubiri. Masika yakaja yakapita, na mvua za vuli zikaja zikapita. Kila asubuhi alikuja na chakula chake kwenye bakuli, akakaa, na kila asubuhi Waziri akapita akasema maneno yale yale, mpaka yakawa kama salamu. Hakuna mtu aliyekuja. Waliokuja walikuja kupangusa picha.

Mwishowe ni mpangusaji mmoja, mwanamke mwenye shemeji askari jela, aliyeinama karibu naye akijifanya anafuta benchi.

"Dada," akanong'ona, "mumeo yuko Gereza la Kilimani. Mzima. Ila wamemng'oa meno."

"Meno gani?"

"Ya mbele. Yote. Jioni alikuwa akipiga mbinja dirishani, na yule tembo, kambini hapo jirani, akiisikia anavunja ua. Ameuvunja mara ngapi sijui. Basi amri ikatoka juu: asipige tena."

"Juu kwa nani?"

Mpangusaji akainua macho kwenye picha ya mlima, akaifuta miguu, akaondoka.

Sikudhani hakulia. Alichukia. Aliulisha ule uchungu wake kila siku kama alivyomlisha Tunu alipokuwa ndama, kidogo kidogo, akisubiri ukue. Usiku aliyawaza yale meno, yamelala wapi, yalitupwa kwenye ndoo au yalifagiliwa. Akaapa kwamba Waziri naye atasubiri.

*

Siku ikafika yenyewe. Mgeni alikuwa anarudi, na Mafanikio hakuwa amepandika. Wataalamu walikwishamtengenezea kiti cha fahari, chenye paa, bendera, mto wa mahameri na mahali pa kuwekea glasi ya maji. Tatizo lilikuwa chini ya kiti. Kila aliyejaribu kukikalia alirushwa kwenye miiba, na mtaalamu mmoja aliyesomea tembo ughaibuni alikuwa bado hajashushwa kwenye mti.

Waziri akasimama mbele ya benchi kwa mara ya kwanza.

"Mama, huyu mnyama anakusikiliza wewe?"

"Ananifuata, mheshimiwa."

"Basi utamwongoza wewe siku ya uzinduzi. Nitapanda mimi kwanza, mgeni atafuata."

"Na mume wangu?"

"Mtulize tembo, na suala la mumeo litafikiriwa. Subiri tu, mtu atakuja."

"Naam, mheshimiwa," akasema Sikudhani, na akainamisha kichwa ili macho yake yasionekane.

Kambini alimkuta Tunu amefungwa mnyororo mguuni. Mikanda ya kile kiti ilikuwa imemla ngozi mpaka nyama ikaonekana, nzi wamejaa. Tunu alimnusa usoni, akamnusa kwapani, akashika upindo wa kanga akaung'ang'ania. Sikudhani akampaka mafuta ya nyonyo kwenye vidonda, akimsemesha taratibu. "Vumilia mwanangu. Mara moja tu. Nakuomba umbebe mara moja tu."

*

Uzinduzi ulifana. Vikundi vya ngoma vilikuja, watoto wa shule walikuja tangu alfajiri bila kifungua kinywa, na Mtukufu Rais hakuja kwa sababu alikuwa amepanda ndege. Paliwekwa jukwaa refu la kupandia, lenye ngazi upande mmoja. Dakta Lumbanga akapanda, akajitupa kitini, kiti kikalia. Trekta likalivuta jukwaa pembeni, maana halikuwa na kazi nyingine.

Sikudhani alikuwa mbele, mkono wake kwenye mkonga. Tunu alitetemeka ngozi nzima, lakini alisimama.

"Ndugu wananchi!" Waziri akanguruma kutoka juu. "Leo taifa limepanda! Waliosema haiwezekani wako wapi?"

Watu wakapiga makofi. Sikudhani alijua mmoja wao yuko wapi.

"Mababu zetu walimwogopa tembo! Sisi tumemkalia! Na nasema mbele ya mgeni wetu, hatutaishia hapa! Mwakani faru! Mwaka wa kesho kutwa, mamba!"

Mgeni alipiga picha, anacheka kama mtoto. Hapo nzi akatua kwenye kidonda cha Tunu, na Tunu akajikung'uta. Kiti kikaenda kushoto, kikaenda kulia, glasi ikamwagika kwenye mapaja ya Waziri. Akatazama chini. Tangu siku ya choo hakuwa ameona ardhi ikiwa mbali kiasi hicho.

"Nishusheni," akasema kwa sauti ndogo.

Mpiga tarumbeta alikuwa kijana hodari, mwenye masikio mema na hofu nyingi. Akapiga.

"Mgongo!" askari akapaza sauti.

Uwanja mzima ukageuka, isipokuwa mgeni, aliyedhani ni sehemu ya sherehe. Ngoma zikageuka, watoto wa shule wakageuka, mawaziri wenzake, majenerali, walinzi wake mwenyewe na bunduki zao, wote wakaangalia upande wa vichaka na kungoja neno la "Nimetua".

Sikudhani peke yake hakuwa na haja ya kugeuka. Anayeongoza tembo hutangulia, na anayetangulia humpa aliyepanda mgongo. Siku hiyo hapakuwa na raia aliyetii sheria kumshinda. Akaachia mkonga, akashika njia, akaondoka. Tunu akakamata upindo wa kanga, akafuata.

*

"Mama! Njia si hiyo!"

"Nasikia, mheshimiwa."

"Simamisha! Nataka kushuka!"

Wakawa wamefika barabara kuu. Kila aliyesikia neno "kushuka" likitoka juu, na akaona kivuli cha bendera, aligeuka kwa mazoea. Trafiki akageuka katikati ya makutano, magari yakagongana nyuma yake, hakutazama. Hakimu aliyekuwa anatoka mahakamani akageukia ukuta na majoho yake. Mwandishi wa gazeti la serikali akatoa kalamu, akaandika akiwa ameangalia duka la vitambaa kwamba ziara inaendelea vizuri na Mheshimiwa amesikika akiwa na sauti yenye afya.

Wageni tu ndio waliotazama, kwa kuwa sheria haikuwahusu. Walisimama madirishani mwa hoteli wakapiga makofi.

"Nitakupa nyumba," akasema Waziri.

Sikudhani akatembea.

"Nitakupa ubalozi! Unataka ubalozi?"

Akatembea.

"Nitakufunga wewe mwanamke! Utaozea jela na huyo mumeo!"

"Ndiko tunakokwenda, mheshimiwa," akasema Sikudhani bila kugeuka. "Kwa mume wangu."

Hapo Dakta Lumbanga akaanza kumwita Mungu, kwa jina lake na vyeo vyake vyote.

*

Mkuu wa Gereza la Kilimani aliitwa Afande Kigodi, na alikuwa na kanuni moja: lango hufunguliwa kwa waziri kabla hajabisha. Aliona bendera inakuja juu ya ukuta, akapiga yowe, lango likafunguliwa. Paa la kiti likagonga mwamba wa lango likabaki huko. Waziri, aliyejikunja chini ya mto wa mahameri, akainua kichwa akaona sare za serikali, akalia kwa furaha.

"Afande! Nishushe! Nishusheni wote!"

"Mgongo!" akasema Afande Kigodi, amesimama wima.

Askari wote wa gereza wakageukia ukuta. Aliyekuwa mlangoni akaachia mlango. Aliyekuwa na funguo aliziweka chini kwa adabu, asije akazitikisa akaharibu heshima ya tukio.

Wafungwa hawakugeuka. Sheria ilisema "kila raia", na wao siku ya kuingia waliambiwa, tena kwa marungu, kwamba si raia tena. Wakatazamana. Wakaokota funguo. Wakaanza kutoka, polepole kwanza, kisha kwa miguu yote.

Mshangama alitoka miongoni mwa wa mwisho. Kanzu ya Idi ilikuwa kitambaa cha kiunoni. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na midomo imekunjamana kwa kukosa cha kuishikilia. Alimwona tembo, akaweka vidole kinywani kwa mazoea, akapuliza. Ikatoka hewa tupu.

Sikudhani alidhani ameshajiandaa. Hakuwa amejiandaa. Alisikia ile hewa, akashika mguu wa Tunu asianguke.

Tunu hakungoja mbinja. Alimwendea Baba Tunu, akaunyoosha mkonga, akampapasa kinywani, juu na chini, akitafuta. Akatafuta tena. Kisha akatoa sauti ambayo hakuna aliyeijua, nzito, ikapita kwenye kuta za gereza, na askari walioziegemea walisema baadaye waliisikia tumboni. Akayumba. Akaanza kukunja magoti ya mbele.

Waziri akaona anaviringishwa. Pembeni yake palikuwa na mnara wa mlinzi, kibanda juu ya nguzo za chuma, na mlinzi alikuwa ameshuka kunywa chai. Dakta Lumbanga akadaka ukingo wa kibanda, akatupa mguu, akatupa tumbo, akaingia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, waziri alikuwa ametoka juu ya tembo bila kushuka.

Ngazi ya mnara ilikuwa imeegemea hapo chini. Mfungwa mmoja seremala, aliyefungwa kwa kutengeneza jukwaa lililokuwa fupi, aliitazama, akaipenda, akaiweka begani akatoka nayo.

*

Mshangama alikata mikanda, kile kiti kikaanguka kikavunjika. Akainua macho mnarani. Alikuwa mtu mwema, na meno hayakuwa yameondoka na wema wake.

"Mama Tunu," akasema, maneno yakimtoka na upepo, "tumshushe. Ni binadamu."

"Mama!" Waziri akalia kutoka juu. "Msikilize mumeo! Usiniache hapa! Nitafanya nini huku?"

Sikudhani alikuwa amempa mgongo, kama sheria ilivyotaka.

"Subiri hapo hapo ulipo, mheshimiwa," akasema. "Mtu atakuja."

*

Na watu walikuja. Serikali ya Mwinuko si ya kuwatupa wake. Zimamoto walileta ngazi nyingine kutoka wilaya jirani. Lakini Waziri aliponyoosha mguu tu, tarumbeta ikalia, zimamoto wakageuka, na ngazi waliyoishika huku wamempa mgongo ikaegemea mwarobaini. Kamanda wao akaipanda kinyumenyume, akajikuta juu ya mwarobaini, na ilibidi atafutiwe msaada. Bunge liliombwa lifute Amri ya Mgongo, lakini kufuta kunahitaji saini ya mtunzi, na kumpelekea mtunzi karatasi ni kumkumbusha kwamba yuko mahali asipoweza kushuka, jambo ambalo hakuna anayetakiwa kuliona. Serikali ikatoa tamko kwamba Mheshimiwa amepanda zaidi, na sasa anaongoza wizara kutoka mahali penye upeo mpana. Chakula anavutiwa kwa kamba.

Wageni wanamiminika. Gereza halina mfungwa mwingine, kwa hiyo magari ya safari yanaingia mpaka ndani, yanazima injini, na kiongozi wa msafara anawaomba wasimtupie Mheshimiwa ndizi, asije akazoea. Anatoka zaidi asubuhi na jioni, jua likiwa dogo. Wenye bahati humsikia akiita.

Sikudhani na Mshangama wanaishi ng'ambo ya kilima, na Tunu analala nje ya jiko. Vidonda vimepona, vimeacha makovu. Nyuma ya nyumba imeegemezwa ngazi ya chuma, zawadi ya yule seremala, ndiyo pekee katika wilaya inayofika urefu wa ule mnara. Kuku wanailalia. Upepo ukivuma kutoka Kilimani, sauti inafika mpaka uani: mama, mtu hajaja bado.

Jioni moja Mshangama aliisikiliza, anakula uji wake, chakula pekee asichohitaji kutafuna. Akaitazama ngazi.

"Mama Tunu," akasema, "mpaka lini?"

Sikudhani akamwongezea uji, akamfuta kidevuni kwa upindo wa kanga.

"Meno yako yakiota," akasema, "nitaipeleka mwenyewe."